Chumba cha Mawe

Siku Agustina aliposhindwa kuinuka, Ghati alidhani ni ukaidi. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha ndani, taa ya sola mkononi, akingoja rundo la mwisho la mawe liishe ili vijana wa karasha, mashine ya kusaga mawe, waje kuchukua mzigo. Nyundo ilikuwa imenyamaza.

"We Agustina, umelala?"

"Sijalala, mama. Nataka kusimama."

"Si usimame."

"Miguu haitaki."

"Haitaki? Inataka nini, chai?"

Agustina alishika ukuta akajivuta. Mapaja yalitetemeka, goti likapinda kando, akarudi chini kwenye kigoda na kutoa sauti ambayo Ghati hakuwahi kuisikia ikitoka kwa mtu mzima. Hapo ndipo Ghati alipoweka taa chini. Alimshika makwapani na kumwinua, akashangaa jinsi alivyokuwa mwepesi. Msichana wa miaka ishirini na mbili, mwenye mimba ya miezi sita, alikuwa mwepesi kama mzigo wa kuni kavu.

Alimlaza kitandani, akamchua miguu kwa mafuta ya ng'ombe. Kila alipogusa mfupa wa mbele wa mguu, Agustina aliuma khanga.

"Ni baridi yabisi hii," Ghati alisema. "Sakafu ya saruji ina baridi. Kesho nitakutandikia gunia."

Ghati alikuwa mjane asiye na mtoto hata mmoja. Mgodi mkubwa ulipopanua mipaka na kuchukua shamba lake, alilipwa fidia. Akajenga nyumba ya tofali hapo Kerende, na ng'ombe aliowanunua kwa hela iliyobaki akawapeleka Issenye kumwoa Agustina, binti wa Waitara, akabaki na dume mmoja tu. Ndivyo mila ya Wakurya inavyomruhusu mwanamke wa nyumba ntobhu, nyumba isiyo na mtoto wa kiume: anaoa mke, anamchagulia mwanamume wa kuzaa naye, na watoto wanabeba jina la marehemu mumewe. Mwanamume aliyechaguliwa aliitwa Nkwabi, mchimbaji aliyetoka Bariadi, mtu mpole ambaye hakuwa na ndugu wa kudai chochote pale kijijini.

Nkwabi ndiye aliyeleta mawe pia. Yeye na wenzake waliyaokota kwenye kifusi cha mgodi, mahali wasiporuhusiwa kukanyaga, wakayauza kwa Ghati. Agustina aliyaponda, akachambua yenye dalili ya dhahabu, mengine yakatupwa. Kazi hiyo haikufanyika nje. Polisi walipita nyumba kwa nyumba wakitafuta mawe, na wezi walipita nyuma ya polisi. Kwa hiyo dirisha la chumba cha ndani lilizibwa kwa tofali, na mlango ukawa unafungwa kwa komeo kuanzia alfajiri hadi giza linapoingia.

Kisimani Agustina hakwenda, maji yaliletwa na muuza maji. Sokoni na kanisani Ghati alikwenda peke yake. Alikuwa na sababu zake. Miaka ile vijana wenye hela ya dhahabu walikuwa wanapita na pikipiki mpya, redio zinaimba, na wake za watu walikuwa wanapanda nyuma na hawarudi. Mkamwana wa jirani alikuwa ametumwa chumvi. Mpaka leo chumvi haijafika. Ghati hakumfungia Agustina kwa chuki. Alimfungia kama mtu anavyofunga sanduku lenye kitu chake cha pekee.

Na Agustina hakulalamika. Kwao alikuwa amezoea kulala na njaa. Hapa ugali wa muhogo na mlenda haukukosekana, na hakuna mtu aliyewahi kumpiga. Huo ulikuwa mwaka wa tatu.

* * *

Gunia halikusaidia. Wala dawa ya mizizi, wala maombi ya akina mama wa jumuiya waliokuja Jumapili wakamwona akitoka chumbani kwenda kuwasalimia, anayumba kushoto na kulia, mkono mmoja ukutani. Walisali kwa sauti kubwa. Walipofika njiani mmoja akasema, "Anatembea kama bata," na wengine wakacheka wakijiziba midomo kwa khanga, na Ghati, aliyekuwa bado mlangoni, akasikia.

Nkwabi ndiye aliyesema neno. Alikuwa amekuja kupokea hela ya mawe, akamkuta Agustina anatambaa kwenda chooni.

"Mayu, huyu mtu apelekwe hospitali," alimwambia Ghati, akimwita mama kwa Kisukuma chake. "Kwetu ng'ombe akiyumba hivi, hatungoji."

"Unamfananisha mke wangu na ng'ombe?"

"Nafananisha kuyumba tu, mayu. Samahani."

Ghati alikodi gari zima mpaka Tarime mjini ili wasipande na watu. Agustina alilala kiti cha nyuma, kichwa kwenye mto. Barabara ilikuwa imeharibiwa na malori. Kila tairi lilipoingia shimoni alishika mbavu zake kwa mikono miwili kana kwamba zingemwagika. Karibu na Nkende aliomba kioo kishushwe. Alitoa uso nje, akafumba macho, upepo ukampiga. Dereva alimtazama kwenye kioo chake, akamuuliza Ghati kwa sauti ya chini, "Alikuwa jela huyu?"

Hospitalini walimkuta daktari kijana, mwanamke, aliyejitambulisha kwa jina la Huruma. Alimwambia Agustina asimame kutoka kwenye kiti bila kushika kitu. Agustina alijaribu, akatokwa jasho, akabaki ameketi. Daktari alibonyeza mfupa wa mguu kwa kidole gumba, Agustina akalia. Akabonyeza mbavu, akalia tena. Kisha akageuza viganja vyake na kuvitazama.

"Mikono hii inafanya kazi gani?"

"Analima," Ghati alijibu.

"Mchana unakaa wapi, dada?"

Agustina alimtazama Ghati.

"Anakaa nyumbani," Ghati alisema. "Si mwanamke anakaa nyumbani?"

"Nje au ndani?"

"Ndani."

"Analima ndani?"

Ghati alifunga upya fundo la khanga yake ambalo halikuwa limelegea.

"Dada, jua limekupiga mara ya mwisho lini? Sio kupita mlangoni. Kukaa juani."

Agustina alifikiri kwa bidii, kama mwanafunzi anayetaka kupata jibu. "Krismasi. Nilianika nguo."

"Krismasi hii iliyopita?"

"Hapana. Sio hii. Wala ile nyingine."

Daktari aliweka kalamu mezani. Aliwaeleza polepole, mara mbili. Mifupa haishiki nguvu ya chakula bila vitamini iitwayo D, na vitamini hiyo, sehemu kubwa, mwili unaitengeneza wenyewe ngozi ikipigwa na jua. Mtu akikosa jua miaka, na chakula chake ni ugali mtupu bila maziwa wala samaki, mifupa inalainika, misuli inaisha nguvu. Tena sasa kuna mtoto tumboni, naye anachukua kile kidogo kilichobaki. Kipimo cha damu chenyewe hapo hakikuwepo, damu ingepelekwa Mwanza, lakini yeye hangoji majibu.

"Ninaona vijana wa namna hii zaidi ya mnavyodhani," alisema. "Wanaolala mchana na kufanya kazi mashimoni usiku. Wasichana wa baa. Wote wanasema ni baridi yabisi. Lakini hali ya huyu ni mbaya kuliko wote niliowaona."

"Dawa yake?" Ghati aliuliza.

"Nitawaandikia matone na vidonge vya kalisiamu. Maziwa kila siku. Kazi nzito aache leo. Na jua, mama. Kila asubuhi, mikono na miguu wazi."

"Jua."

"Ndiyo, mama. Halafu jambo la pili, nisikilizeni vizuri. Asizalie nyumbani. Nyonga yake siiamini. Mfupa laini ukibebeshwa mzigo unajikunja. Mimba ikifika mwezi wa nane aje akae hapa karibu, tumpime, ikibidi apasuliwe kabla uchungu haujaanza."

Nje, kwenye benchi, Ghati alikaa muda akishika karatasi ya dawa. Kisha akasema, "Nimekodi gari, nimekaa foleni toka asubuhi, nimekoromewa na mtoto mdogo, ili niambiwe jua. Jua lote lile liko Kerende!"

Agustina akacheka. Hakukusudia. Alicheka akashika mbavu kwa maumivu, na Ghati, baada ya kumkazia macho, akacheka naye mpaka machozi yakamtoka. Watu waliokuwa kwenye foleni waliwageukia. Kwa dakika hiyo wangeweza kuwa mama na mwanawe wowote waliokuja mjini.

Duka la dawa lilikuwa na matone hayo. Muuzaji alitaja bei, Ghati akamwomba arudie. Alinunua chupa moja badala ya zile zilizoandikwa.

* * *

Ghati alitimiza neno la daktari, mwanzoni. Alimwita fundi akazungusha mabati nyuma ya nyumba, na asubuhi alimtoa Agustina na mkeka, akamkalisha hapo, miguu imenyooshwa. Kikombe cha maziwa kilikuwa pembeni.

Siku ya kwanza macho yalimuuma akajifunika uso. Baadaye akazoea. Alilipenda joto lile kwenye mapaja, harufu ya bati likipata moto, kuku wakichakura karibu na vidole vyake. Alilala ameketi, akaamka, akalala tena. Hakuwa amejua kwamba alikuwa amechoka kiasi kile. Wiki zilipopita maumivu ya mbavu yalianza kupungua. Asubuhi moja alikwenda chooni na kurudi bila kugusa ukuta, akamwita Ghati aje aone, akaenda tena. Ghati alipiga kigelegele kimoja, kifupi, akajikatiza kwa kuhofia majirani.

Lakini mabati hayakuwa marefu kuliko rundo la kifusi lililokuwa ng'ambo ya njia. Vijana waliopanda juu yake walimwona.

"Oya! Mke wa bibi ameanikwa!"

"Mgeuze upande wa pili, bibi, asiungue!"

Neno likaenea. Watoto waliotoka shule walichungulia kwenye matundu ya misumari. Dukani muuzaji alimuuliza Ghati kwa heshima zote kama mgonjwa amekauka tayari. Wanawake walianza kusema kwamba haikuwa baridi yabisi, kwamba kuna jambo. Mtu mzima haanikwi bure. Ghati alirudi nyumbani na chumvi yake, akaketi.

Na hela ilikuwa inaisha. Maziwa, matone, gari, mabati. Fidia ilikuwa imekwisha zamani. Nyumba ile iliishi kwa mawe, na mawe hayakuwa na mpondaji. Ghati alijaribu mwenyewe. Aliketi chumbani na nyundo, na siku ya tatu akakosea akapiga kidole gumba, ukucha ukapasuka katikati. Agustina, aliyekuwa uani, alisikia kilio. Alijiinua kwenye mkeka, akaingia ndani, akamkuta mama amekaa sakafuni anashika mkono wake, nywele zote zimejaa vumbi, anaonekana mzee ghafla.

"Lete, mama," alisema.

"Daktari amekataza."

"Mzigo huu tu. Nitakuwa natoka asubuhi kidogo, halafu naingia."

Ghati angeweza kusema hapana. Alimtazama Agustina, akatazama rundo, akatazama kidole chake. Akasogeza kigoda.

Mzigo ule ulipoisha Nkwabi alileta mwingine, kwa sababu mgodi ulikuwa umehamishia kifusi upande wenye mwanya kwenye ukuta na kila mtu alikuwa akibeba. Nafasi kama ile haikuwa ya kuachwa. Ile asubuhi kidogo ikawa fupi, kisha ikawa siku moja moja, kisha msako wa polisi ukaanza na mlango ukafungwa tena kwa komeo. Chupa ya matone ilikwisha. Walisema watanunua nyingine dhahabu ikiuzwa.

* * *

Waitara alikuja kutoka Issenye kumwona binti yake mimba ikiwa katika mwezi wa nane. Alikuwa mzee mwembamba aliyevaa koti la suti juu ya fulana. Ghati alimpokea vizuri, akachinja kuku, kisha akawaacha wazungumze.

Agustina alikuwa amelala kwa ubavu. Baba yake aliketi kwenye kigoda cha kupondea, asijue ni cha nini.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba, mwanangu. Naona tumbo limekua."

"Tata, nichukue."

Waitara alitazama mlango. "Nikuchukue nikupeleke wapi?"

"Nyumbani. Nikae uani tu, sitakula sana. Daktari alisema nikae juani na nisiponde mawe. Kule nitakaa. Ikifika siku mnipeleke hospitali."

"Wanakutesa hapa?"

"Hapana. Mama ananipenda. Lakini nakufa, tata. Nasikia mifupa."

Mzee aliweka kiganja kwenye goti la binti yake, akalitomasa kama anavyolitomasa goti la ndama, akaondoa mkono.

"Wale ng'ombe," alisema, "hawapo. Nilimwolea kaka yako. Unajua. Nikikutoa hapa na hilo tumbo, watu watasema Waitara amevunja ndoa. Wazee watakaa, nitaambiwa rudisha. Nirudishe nini? Nimwambie kaka yako amrudishe mke wake, na mtoto yuko mgongoni?"

"Nitazaa halafu nitarudi hapa."

"Wote husema hivyo." Alifunga kifungo cha koti lake. "Vumilia, mama. Ukishazaa mwili utarudi. Mama yako alikuwa hivyohivyo kwa kila mimba."

Haikuwa kweli, na wote wawili walijua haikuwa kweli. Jioni Ghati alimfungia sukari na miche ya sabuni ya kupeleka kwa mkewe. Waitara alisita, kisha akapokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaondoka bila kugeuka.

Agustina alisikia nyayo zake zikipita nje ya ukuta, pale dirisha lilipokuwa zamani.

* * *

Ghati alikuwa amepanga kumpeleka mjini wiki iliyofuata. Alikwisha kuongea na ndugu mmoja wa kanisani mwenye chumba cha kulala huko Nkende. Uchungu haukungoja. Ulianza asubuhi, Agustina akiwa kwenye kigoda, nyundo mkononi. Hapakuwa na gari. Msako ulikuwa umeyafanya magari yote yatoroke eneo la mgodi.

Waliita mkunga wa jirani. Alimshika tumbo, akasema mtoto amekaa vizuri, atatoka kabla ya jua kuzama. Jua lilizama. Kesho yake asubuhi mkunga alinawa mikono, akamwita Ghati pembeni.

"Mimi nimezalisha wengi. Huyu mlango upo, lakini njia haipo. Kichwa kinagonga mfupa kinarudi."

Nkwabi alikuwa ameshinda nje siku zote mbili, amechuchumaa kwenye kivuli cha mabati. Alikimbia hadi barabara kuu na kurudi akiwa amekaa mbele ya gari la kubebea vifaa vya ujenzi. Jinsi alivyompata yule dereva, na alimlipa nini, hakusema kamwe. Walimlaza Agustina kwenye godoro nyuma, Ghati akamshika kichwa, wakaenda.

Hakulia njiani. Alikuwa ameacha kulia toka alfajiri. Alifungua macho mara moja, mbingu ikiwa wazi juu yake, akasema, "Mama, kuna joto," kwa sauti ya mtu aliyeridhika. Ghati alimwekea kivuli kwa khanga, kisha akaikumbuka sauti ya yule daktari, akaiondoa khanga.

Walimpeleka moja kwa moja chumba cha upasuaji. Ilichukua muda mrefu. Nesi alitoka na fomu akatazama watu wawili waliokuwa kwenye benchi.

"Baba wa mtoto ni nani?"

Nkwabi alifungua mdomo. Akamtazama Ghati.

"Ni mimi," Ghati alisema.

Nesi hakucheka. Alikuwa mtu wa huko, alielewa. Alimpa wino aweke dole gumba, lile lenye ukucha uliopasuka. Nkwabi alisimama, akavaa kofia yake, akasema anakwenda kutafuta maji ya kunywa. Hawakumwona tena siku ile.

Daktari Huruma alitoka mwisho. Alikaa kwenye benchi karibu na Ghati, jambo ambalo madaktari hawafanyi.

"Mtoto alikuwa wa kiume, mama. Alikuwa ameshafariki. Nyonga ilikuwa imejikunja kwa ndani, asingepita kamwe kwa njia ya kawaida. Kizazi kilikuwa kimechanika, tumelazimika kukitoa."

"Na Agustina?"

"Yuko hai."

Ghati aliitikia kwa kichwa. Aliomba kumwona mtoto. Walimletea amefungwa kwenye kitambaa cha kijani. Alikuwa mkubwa, mwenye nywele nyingi. Alimtazama kwa makini, pua, masikio, vidole, kama mtu anayetafuta kufanana kwake na mtu fulani. Kisha akamwita jina la marehemu mumewe: "Mseti." Aliita mara moja, kwa sauti ya kawaida, kama anamwita aje kula. Akamfunika uso.

* * *

Mzee Kisyeri, shemeji yake Ghati na mkubwa wa ukoo, alikuja baada ya Agustina kurudishwa nyumbani. Alikataa chai. Alizungumza mbele ya mgonjwa kana kwamba hayupo.

"Shemeji, nyumba yako bado imelala. Huyu hazai tena, halimi, hapondi. Mrudishe kwao, tudai ng'ombe wetu."

"Kwao hakuna ng'ombe."

"Basi tuchukue ardhi yao."

"Hatarudi," Ghati alisema. "Nilimwoa. Mtu hamrudishi mke kwa sababu ameumwa nyumbani mwake."

Agustina, kitandani, aligeuza uso ukutani akalia kimya kimya. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kusema neno zuri kama lile juu yake.

"Na jina la ndugu yangu?" Kisyeri aliuliza. "Life?"

Swali hilo lilimkosesha Ghati usingizi miezi mingi. Alikuwa anazeeka. Kiangazi kilipofika aliuza ng'ombe dume aliyebaki na kipande cha uwanja kando ya nyumba, akapata mitamba ya mahari. Akaenda mwenyewe vijiji vya mbali kutafuta mke mwingine. Alirudi na Petronila, msichana wa miaka kumi na minane, mwenye mabega mapana na kicheko cha karibu. Nkwabi alikuwa ameshahama kwenda machimbo mengine. Wa kuzaa naye angepatikana. Mawe yalikuwa yanaletwa na wengine.

Kwa Agustina mambo yalikuwa rahisi sasa. Hakuna aliyemhofia kutoroka. Alitembea kwa magongo mawili, kimo chake kimepungua, kiuno kimeingia ndani. Hakuna kijana aliyepanda kifusi kumtazama. Kila asubuhi Ghati alimtoa kwa mikono yake mwenyewe, akamkalisha kwenye kiti cha plastiki nyuma ya nyumba, akamwekea maziwa, akamwuliza kama yuko sawa. Alikaa juani mpaka jioni. Mifupa haikumuuma sana siku hizo. Daktari alikuwa amesema itakuwa migumu tena, ila itakuwa migumu jinsi ilivyojipinda.

Kupitia ukutani alisikia nyundo.

"Mama," alisema asubuhi moja, Ghati alipomletea kikombe. "Huyu mtoto atoke kidogo."

"Atatoka. Mzigo huu ukiisha."

"Mama, ulisikia daktari."

"Nilisikia." Ghati alimfunika mabega ingawa hapakuwa na baridi. "Kwani nimesahau? Nitamtoa. Nikimtoa leo wanamwona, kesho hayupo. Ngoja ashike mimba kwanza, atulie." Akaingia ndani. Komeo likalia.

Mchana Ghati alikwenda sokoni. Agustina alikamata magongo yake. Kutoka kitini hadi chumba cha ndani hapakuwa mbali, lakini alipofika alikuwa amelowa jasho. Alivuta komeo.

Petronila alikuwa kwenye kigoda, ametapakaa vumbi la mawe mpaka kwenye kope. Mwanga ulipoingia aliinua mkono kujikinga.

"Mama amerudi?"

"Bado. Njoo nje ukae na mimi. Mpaka atakaporudi."

"Nje wapi?"

"Huku nyuma. Juani."

Petronila aliweka nyundo chini. Alimtazama dada yake mkubwa kwenye ndoa ile, kuanzia magongo hadi miguu, na usoni pake pakaja huruma ya kweli, ya mtu mwenye afya.

"Dada, usikasirike," alisema. "Mimi nimesikia watu wakisema. Ulikuwa mzima kabisa humu ndani, unaponda mawe. Wakaanza kukuanika juani, mwili ukalegea, na mtoto akafa. Hata mama yangu aliniambia, ukifika kule usikubali kuanikwa."

"Sio hivyo, Petronila. Nilikuwa nimeshaumwa. Jua ndilo lilikuwa dawa."

"Dawa?" Msichana alitabasamu kwa upole, kama anavyotabasamiwa mgonjwa. "Pole, dada. Nenda kapumzike. Nikimaliza nitakuletea maji."

Alisimama kwa wepesi, bila kushika ukuta, akaja mlangoni. Alimsogeza Agustina taratibu kwa bega mpaka nje ya kizingiti, akahakikisha magongo yamesimama vizuri. Kisha akaufunga mlango kwa ndani, na nyundo ikaendelea.